Jeti-ski ya mjomba na grafu yangu

Wikendi mbili nimekuwa Mtwapa kwa mjomba, na leo sina habari za programu. Nina za jeti-ski.

Ni ya mwaka 1996, silinda mbili, injini ya mapigo mawili, ile inayochoma oili pamoja na petroli. Wageni huikodi, na karo ya bintiye hutoka humo. Mwezi uliopita ilianza kulia kakakaka kila inapozunguka polepole. Fundi mmoja akaisikiliza kidogo tu akatoa hukumu: kranki imekwisha, injini ifunguliwe yote. Bei aliyotaja ilimfanya mjomba aanze kutafuta mnunuzi.

Nikaona hapa ndipo masomo yangu yatafaa. Tuliiwasha nchi kavu kwa mpira wa maji (washa injini kwanza ndipo ufungulie maji, na kuzima funga maji kwanza, la sivyo yatapanda ekzosi hadi kwenye silinda). Nikarekodi kwa simu, nikatia sauti kwenye Audacity. Injini ilikuwa mizunguko 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde. Kweli, grafu ikatoa mlima kwenye hertzi 25 na mwingine kwenye 50.

"Fundi alisema kweli, mjomba. Ni kranki." Nilisema kwa sauti ya mtaalamu kabisa.

Usiku usingizi haukuja. Jeti-ski hii haina giaboksi! Kranki, shafti na pangaboi la nyuma viko mstari mmoja, vinazunguka kwa kasi ileile. 25 ya kranki ndiyo 25 ya shafti. Ni kama logi ya seva tatu zinazoandika kwa jina moja, nami nimeshamshauri mzee auze.

Asubuhi nikamwambia nilikosea. Hakunicheka sana. Alichukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni. (Ukijaribu, nguo na mikono ikae mbali na shafti.) Juu ya silinda, mngurumo wa kawaida. Mwisho wa nyuma, shafti inapoungana na injini, kakakaka.

"Ongeza mafuta kidogo, mwanangu."

Nikaongeza. Kelele ikatoweka. Beringi ya kranki iliyokufa kwa kawaida huzidi kupiga kelele kasi ikipanda; hii ilinyamaza.

Tulifungua pampu, tukavuta shafti. Kati ya meno ya kiungo cha injini na yale ya shafti hukaa kipande cha mpira. Chetu kilikuwa kimeliwa mpaka chuma kinagonga chuma. Injini ya namna hii ikienda polepole hutoa nguvu kwa mishtuko, hivyo meno hupigana mbele na nyuma. Kasi ikipanda huegemea upande mmoja, kimya. Yaani jibu lilikuwa katika swali ambalo sikuuliza: inalia lini?

Kwa kujiridhisha tulitoa plagi tukapima kompresheni: pauni 140 kila silinda, hazikupishana. Shafti nayo tuliizungusha kwa mkono, haikukwaruza popote.

Mpira mpya tumeuagiza. Mnunuzi alipiga simu jana mara mbili; mjomba alikuwa akipaka grisi meno ya shafti, akaiacha ilie.