Si kila mdudu ni adui

Ni wachache kwetu Katanga wanaoweza kupitisha siku bila muhogo. Unga wake ni bukari, majani yake ni sombe. Muhogo ukiugua, nyumba nzima hushikwa na wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi hupiga kabla ya kutazama. Kwa sababu hiyo nataka kuwaeleza habari za vidudu vya shambani, na hasa habari za wale rafiki tunaowaua bila kuwajua.

Muhogo si mzaliwa wa Afrika. Wareno waliuleta kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 16, na kwa muda mrefu adui zake wengi walibaki ng'ambo. Mwaka 1971 utitiri wa kijani wa muhogo ulionekana Uganda, mara ya kwanza katika Afrika. Karibu mwaka 1973 kidudu kingine, chenye vumbi jeupe kama unga, kilionekana Kinshasa na Brazzaville. Vidudu hivi viwili vilivuka bahari, lakini wale wanaovila kwao hawakuvuka. Basi vikaongezeka bila kizuizi, na mahali pengine kile cheupe kiliharibu hata asilimia 80 ya mavuno.

Kiangazi kimoja mama jirani yetu alinijia na chupa aliyoinunua sokoni. Haikuwa na karatasi wala maandishi. «Mwalimu,» akasema, «nifundishe kunyunyiza dawa hii. Muhogo wangu unakufa.» Nikamwuliza, «Mama, leo watoto watakula nini?» Akajibu, «Sombe, ya shamba lile lile.» Kisha akanyamaza, akaitazama chupa mkononi mwake.

Tulikwenda shambani pamoja na wanafunzi wangu. Tuliligeuza jani lenye madoadoa ya manjano, tukalikung'uta juu ya karatasi nyeupe. Vikaonekana vipunje vinavyotembea, kila kimoja kidogo kuliko nusu milimita. Mtoto mmoja mwenye macho makali alihesabu miguu minane. Ni kweli: utitiri ni wa ukoo wa buibui, si mdudu wa miguu sita. Kwa hiyo dawa nyingi za wadudu hazimdhuru sana, bali humwua yule anayemwinda. Baada ya siku chache utitiri hurudi wengi kuliko kwanza, na sumu imebaki juu ya mboga.

Wawindaji hao ni nani? Mwaka 1981 nyigu mdogo sana alipatikana Paraguay. Yeye hutaga yai ndani ya kile kidudu cheupe, na mtoto wake hukila kutoka ndani. Mwaka ule ule wataalamu wa Ibadan, Nijeria, wakiongozwa na Hans Herren, Mswisi, walianza kumwachilia mashambani. Miaka iliyofuata alienea katika nchi nyingi, na Kongo pia. Kazi hiyo ilimpatia Herren Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Mwaka 1993 utitiri mwindaji kutoka Brazili aliachiliwa Benini. Mchana hukaa katika kilele cha muhogo. Usiku hushuka majanini kuwinda utitiri wa kijani.

Mama yule hakunyunyiza. Mvua za kwanza ziliwaosha utitiri, majani mapya yakachipuka. Mizizi ilikuwa myembamba kuliko ya mwaka uliotangulia, nami siwezi kuficha hilo. Lakini sombe yake ililiwa bila hofu.

Basi, wazazi, na ninyi wanafunzi, shikeni mambo haya. Chukueni vijiti vya kupanda kutoka shina lenye afya, mkaondoe majani yote, kwani vidudu husafiri navyo. Pandeni mvua zinapoanza, ili muhogo uwe na nguvu kabla ya kiangazi. Msivunje ovyo vilele vya mihogo, kwani ndiyo makao ya mwindaji. Chupa isiyo na maandishi isiingie shambani wala nyumbani. Na kabla ya kuua kitu chochote, geuzeni jani, mhesabu miguu, mwulize: huyu anakula muhogo wangu, au anamla mwizi wa muhogo wangu? Haraka haraka haina baraka.