Jina Lililo Mlangoni

Ndugu msomaji, kwa miaka mingi nimeswali katika msikiti uitwao Bilal. Juzi mwanangu mdogo aliniuliza, "Baba, Bilal alikuwa nani?"

"Muadhini wa kwanza," nikajibu haraka haraka.

Sikumwambia yote. Bilal bin Rabah, ambaye mamake alikuwa Muhabeshi, alikuwa mtumwa mjini Makka. Bwana wake, Umayya bin Khalaf, alimlaza kwenye mchanga wa moto na kumwekea jabali kifuani ili aikane imani yake. Akakataa. Abubakar akamnunua, akamwacha huru. Makka ilipotwaliwa mwaka wa 630, ni yeye aliyepanda juu ya Kaaba kuadhini.

Mbona nilinyamaza? Kwa sababu juma hilo hilo nilikuwa nimempinga mchumba wa mpwa wangu, eti mababu zake walikuwa watumwa.

Ebu fikiri, msomaji. Jina la mtumwa tumeliandika mlangoni kwa heshima, lakini wajukuu wa watumwa tunawanyima binti zetu!

Jioni ile nilikwenda kwa dada yangu, nikayafuta maneno yangu. Kisha nikarudi nyumbani kumsimulia mwanangu kisa chote.