Ndoo Kumi za Maji

Kitu kipya kina haya yake, nayo haya hiyo humshika mnunuzi, haimshiki muuzaji. Mtu anunuaye gari kuukuu hulizunguka mara saba, huinama akatazama uvungu wake, huisikiliza injini kama tabibu amsikilizavyo mgonjwa wa kifua, wala hapana amwonaye mkorofi. Mtu huyo huyo akikabidhiwa gari jipya hutabasamu, hupapasa rangi kwa kiganja, akatia sahihi. Huona kuwa kukichungua kitu kipya ni kumtukana aliyekitengeneza. Mimi nilikuwa mmoja wa watu hao, msomaji, na lau si mzee mmoja wa Gazi, jina langu lingalikuwa leo chini ya karatasi ambayo haikulistahili.

Shule ninayofundisha iko upande wa Msambweni, karibu na barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga. Kwa muda wa miaka minne wazazi walichanga fedha za kununulia basi. Usidhani kuwa ni wazazi wa mishahara. Mwenye minazi aliuza nazi, mwenye mikorosho aliuza korosho, mwenye shamba la bixa alisubiri bei ipande, haikupanda, akauza hivyo hivyo. Wavuvi walitoa kidogo kidogo, wakati wa kaskazi zaidi, wakati wa kusi kidogo au hapana kabisa, kwa kuwa bahari ya kusi haimpi kila mtu ruhusa ya kutoka. Mimi nilikuwa mwandishi wa kamati. Nilijua kila shilingi ilitoka mkononi mwa nani, na kwa sababu hiyo nilikuwa na hamu kubwa kuliko wengine ya kuliona basi hilo likiingia langoni.

Liliingia siku ya Jumatano, mwishoni mwa mwezi wa Machi. Lilikuwa la manjano, kama sheria ya Kenya iagizavyo kwa magari ya shule, na jina letu lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa herufi nyeusi. Wanafunzi walipiga vigelegele madirishani. Nilipanda ndani, nikakuta viti 51 vingali vimevikwa nailoni, na harufu ile ya vitu vipya ambayo hulevya bila ya kunywewa. Kijana aliyetumwa na karakana, mwenye adabu na shati lililopigwa pasi vizuri, alinipa kalamu. Karatasi ilisema kuwa gari limepokewa likiwa zima, halina kasoro. Niliishika kalamu.

Hapa yafaa nieleze jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikiri. Basi la shule si kazi ya mkono mmoja. Injini na chasisi huunganishwa katika kiwanda, kisha karakana nyingine hujenga juu yake bodi: mbavu za chuma, mabati, sakafu, viti, vioo na nyaya za taa. Kazi ya kiwanda hupita mbele ya mashine na vipimo vingi. Kazi ya karakana hupita mikononi mwa mafundi, na mafundi ni wanadamu: huchoka, huona njaa, huharakishwa na mwenye kazi. Shirika la Viwango la Kenya lina kiwango chake, KS 372, kiagizacho jinsi bodi la gari la abiria lijengwe. Tena yako makaguzi ya serikali. Walakini kiwango hakina macho, na mkaguzi wa serikali, ambaye aghalabu hutazama breki, taa na magurudumu, hatalala na gari lako usiku wa mvua.

Wajumbe wa kamati tulikuwa watano. Mmoja wetu alikuwa mzee aliyeunda mashua huko Gazi tangu ujana wake mpaka magoti yalipomkatalia kuchutama. Alikuwa mwakilishi wa wazazi kwa ajili ya mjukuu wake. Alilizunguka basi polepole, mikono nyuma, akasimama karibu nami.

"Mwalimu," akasema, "hapa shuleni kuna maji?"

Nilidhani ana kiu. Nikamwita mwanafunzi alete bilauri.

"Si ya kunywa, mwanangu. Nataka ndoo kumi."

Alitueleza kuwa yeye hakupata kushusha mashua mpya baharini kabla ya kuitia maji ndani ingali juu ya magogo. Mahali tone litokapo nje ndipo bahari itakapoingilia ndani, na hapo hupigwa kalafati upya. "Gari ni kuligeuza tu," akasema. "Mashua hutiwa maji ndani, hili tulitie nje."

Kijana wa karakana alicheka kwa heshima, akasema kuwa basi halikuundwa lielee.

"Kweli, baba," mzee akamjibu, "lakini mwezi wa Mei waja."

Aliyekaa Kwale ajua maana ya neno hilo. Mvua za masika katika pwani ya kusini huwa na nguvu kuliko wakati wote mwezi wa Mei, tena huja na upepo uzipigao ubavuni. Wavulana wawili wa kidato cha tatu walipanda ngazi, wakaanza kumwaga. Ndoo ya kwanza mpaka ya sita hazikutuonyesha kitu. Ndoo ya kumi ilipokwisha kijana alitazama saa yake. Mwalimu mkuu naye alinitazama mimi, kama kwamba mzee yule nilimleta kutoka nyumbani kwangu. Mzee alisema tungoje. Tulingoja kadiri ya robo saa, nasi tumekaa ndani ya basi kimya kama wasafiri ambao dereva wao amekwenda kula. Ndipo juu ya kiti cha tano, upande wa kushoto, pakatokea katika dari mstari mweusi mwembamba kama uzi. Uzi ukanenepa. Tone moja likaanguka juu ya nailoni ya kiti, na sauti yake tuliisikia sote.

Kijana alisema kuwa ni jambo dogo, atapaka silikoni mahali hapo. Mzee aliomba bisibisi. Ubao wa dari ulipofunguliwa tulikuta kuwa tundu halikuwa juu ya kiti cha tano, bali juu ya kiti cha tatu. Skrubu ilikuwa imepenya bati bila ya kuzibwa, na maji yaliteremka kwa kufuata ubavu wa chuma mpaka yakapata upenyo. Sifongo iliyokuwa ndani ilikwisha lowa, na nyaya za taa zilipita katikati yake. Hewa ya bahari yetu hula chuma hata kikiwa kikavu, sembuse kikilazwa juu ya sifongo yenye maji mwaka mzima. Kama tungalipaka dawa pale tone lilipoangukia, tungaliyafungia maji ndani.

"Mbao husamehe," mzee akasema. "Zikinywa maji huvimba zikajiziba. Bati halisamehi."

Baada ya tone lile haya ilinitoka. Nilivua koti nikalala chini ya gari, jambo ambalo wanafunzi wangu hawajalisahau. Sikuwa na ujuzi wowote. Nilikuwa na macho, mkono na karatasi, na naamini kuwa kwa kazi hii vinatosha kwa sehemu kubwa. Nilitazama penye maungio yaliyochomelewa, nikaona mawili yaliyopakwa rangi juu ya kutu ambayo haikusuguliwa. Nilisoma tarehe za matairi. Ubavuni mwa kila tairi huchapwa tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka, hivyo 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Matairi sita yaliyokuwa barabarani yalikuwa mapya. Lile la akiba lilikuwa na umri wa miaka mitano, limeoshwa likang'arishwa. Nati za magurudumu zilikazwa vema, lakini dereva wetu alisema kuwa magurudumu mapya hukaa vizuri baada ya kutembea kidogo, na kwamba tusiache kuzikaza tena baada ya kilomita mia hivi. Taa zote ziliwaka isipokuwa ya kurudi nyuma. Mambo haya yalikuwa madogo, na yangalitengenezwa pale pale.

La viti halikuwa dogo. Nilikishika kiti kimoja cha nyuma kwa mikono miwili nikakitikisa, kikatikisika. Nilikitikisa cha pili. Dereva aliingia uvunguni akaniita. Kwa kawaida bolti za kiti hupita katika sakafu zikashika chuma cha chini, au zikakazwa juu ya kipande kipana cha bati. Bolti za safu mbili za mwisho zilishika ubao wa sakafu peke yake. Sasa fikiri, msomaji. Kidhibiti mwendo, kilicholazimishwa kwa magari ya abiria kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004, hulizuia gari lisipite kilomita 80 kwa saa. Gari likienda mwendo huo likasimama ghafula, kila kilichomo hutaka kuendelea. Kiti chenye wanafunzi watatu, uzito wake na wao pamoja yamkini ni kilo 150 au zaidi, nacho kimeshikwa na ubao. Mkanda wa usalama waliofungwa nao umefungwa katika kiti hicho hicho. Mkanda haumzuii mtu ikiwa kiti chenyewe chaondoka.

Tena mlango wa dharura. Kutoka nje ulifunguka kwa kidole. Kutoka ndani mkono wake uligota katika mgongo wa kiti cha mwisho, ukafika nusu ya njia ukakoma. Kijana wa karakana aliujaribu mwenyewe mara tatu. Mara ya tatu hakuwa akitabasamu tena.

Mzee aliutazama mlango ule muda mrefu. Basi letu lilikusudiwa kupita Likoni mara nyingi, na katika pwani hii habari za kivuko hazisemwi kwa wepesi. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilichojaa watu kilipinduka, wakafa watu 272. Sababu yake ilikuwa nyingine, haikuwa mlango wa basi. Lakini wazee wa umri wake wakiona mlango usiofunguka hukumbuka wanalolikumbuka, wala hakuna aliyemwuliza.

Sasa nifike penye jambo gumu, ambalo halikuwa chini ya gari wala juu ya paa. Sherehe ya kulipokea basi ilikuwa Jumamosi. Mgeni wa heshima alikwisha kubali, mahema yalikwisha lipiwa, mchele ulikwisha nunuliwa. Mwalimu mkuu, mtu mwema ambaye sina neno naye, alinivuta kando akasema kuwa gari lina dhamana ya mwaka mmoja. Tutie sahihi leo, tusherehekee, kisha karakana itengeneze. Nilimwonyesha maneno ya karatasi. Tukisha kuandika kuwa halina kasoro, kesho tutadai nini? Nikapendekeza tutie sahihi na kuorodhesha kasoro chini yake. Kijana akasema hana ruhusa ya kuongeza neno katika hati ile. Nikamrudishia kalamu.

Sikufanya hivyo kwa ushujaa. Magoti yalinitetemeka, na nilitamani mtu mwingine aseme kabla yangu. Niliandika kasoro zote kwa mkono, nakala mbili, tarehe na saa, na kijana wa karakana akatia sahihi yake kuwa amezipokea. Kisha basi likageuza, likatoka langoni lilimoingilia, na wanafunzi ambao asubuhi walipiga vigelegele walisimama madirishani bila ya kusema kitu.

Sherehe iliahirishwa. Kwa siku kumi na tisa sikupita sokoni kwa raha. Wengine walisema kuwa mwalimu ametaka kujionyesha, wengine kuwa alitaka apewe kitu na karakana hakupewa. Mama mmoja auzaye samaki, ambaye katika daftari langu hakukosa kuchanga hata muhula mmoja, aliniambia, "Mwalimu, mwanangu yu kidato cha nne. Atamaliza kabla hajalipanda." Nilimweleza habari za bolti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga samaki wangu katika gazeti, akanipa chenji. Sijui kama nilimridhisha. Nadhani sikumridhisha.

Basi lilirudi katikati ya Aprili. Safari hii mzee wa Gazi hakuweza kuja kwa sababu ya magoti, akanituma niseme kwa niaba yake kuwa anataka ndoo ishirini. Tulimwaga ishirini. Viti vya nyuma vilikuwa vimeshikwa na vipande vya chuma, kiti cha mwisho kilisogezwa mbele, na mlango wa dharura ulifunguliwa kutoka ndani na msichana mdogo kuliko wote wa kidato cha kwanza, kwani nilitaka mkono wake ndio uwe kipimo. Tairi la akiba lilikuwa jipya. Nilitia sahihi saa kumi na nusu ya jioni.

Mwezi wa Mei tulikwenda Kwale mjini kwa mashindano ya michezo ya kuigiza, na mvua ikatushika njiani. Wanafunzi waliimba. Mimi nilihama nikaketi chini ya kiungo kile cha dari, kiti cha tano, upande wa kushoto, nikaupapasa ubao kwa vidole. Ulikuwa mkavu. Mtoto aliyekaa karibu nami aliniuliza natafuta nini, nikamwambia sitafuti kitu. Ndipo dereva akaniita mbele. Maji yalikuwa yakiingia kwa mlango wake, yakimlowesha goti, mahali ambapo katika ndoo zote thelathini hatukumwaga hata moja.