Siku 120 za Deira



Anayevuka hori ya Dubai kwa mashua ya abra, kutoka Deira kwenda Bur Dubai, hulipa dirhamu 1 tu. Ukingoni mwa Deira majahazi hufungwa ubavu kwa ubavu, yakipakiwa majokofu na matairi, na mtu wa Mombasa akiyaona huikumbuka Bandari ya Kale. Katika mji huo ndiko nilikojifungua binti yetu wa kwanza. Hori hilo nililivuka mara nyingi nikiwa nimempakata, na mkobani nina karatasi zake.

Kwetu Mombasa mtoto huadhiniwa sikioni, akafanyiwa akika siku ya saba, akapewa jina, na mtaa mzima ukamjua ni wa nani. Ugenini mtoto hujulikana kwa karatasi. Siku niliyojifungua, karani wa hospitali aliuliza kabla ya yote: "Cheti cha ndoa kiko wapi?" Nikamwonyesha picha yake kwenye simu. Akatikisa kichwa. Alitaka cheti chenyewe, kilichothibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya, kisha na ubalozi wa Falme za Kiarabu ulioko Nairobi, kisha kikagongwa muhuri na wizara ya huko huko. Cheti chetu, tulichopewa na kadhi, kilikuwa Mombasa, ndani ya sanduku la mama, hakina hata muhuri mmoja kati ya hiyo.

Basi binti yetu akaandikwa kuwa ni mtoto wa kike wa mama fulani. Jina alilochaguliwa na babu yake lilikuwa midomoni mwetu tu.

Wakati huo baba yangu alikuwa mgonjwa. "Mleteni nimuone," alikuwa akisema kila tukipiga simu. Lakini mtoto hasafiri bila pasipoti, pasipoti haipatikani bila cheti cha kuzaliwa, na cheti cha kuzaliwa kilikuwa kinangoja cheti cha ndoa. Tena sheria ya Falme za Kiarabu humpa mtoto wa mgeni siku 120 tangu kuzaliwa awe amepata kibali cha ukaazi. Zikipita, wazazi hutozwa faini ya kila siku.

Kaka yangu akapanda treni hadi Nairobi, akazunguka wizarani na ubalozini, kisha akampa cheti jirani aliyekuwa akisafiri. Kilipotufikia tukaingia katika ofisi za kupiga chapa, ambako makarani hujaza fomu kwa Kiarabu. Huko jina la mume wangu liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na liliporudishwa kwa herufi za Kilatini likatofautiana na lililomo katika pasipoti yake. Tulilisahihisha kabla ya kutia sahihi. Herufi moja ingeturudisha mwanzo.

Dada zangu, lijueni na hili. Kwa katiba iliyotangulia, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alipata uraia kwa baba tu. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 14, inasema kwamba mzazi mmoja akiwa raia, awe mama au baba, mtoto ni raia wa kuzaliwa, popote alipozaliwa. Mke wa mgeni naye anayo haki hiyo ya kumrithisha mwanawe. Lakini haki hiyo huthibitishwa kwa karatasi.

Pasipoti tuliipata siku ya 103. Baba alikuwa amefariki siku ya 91. Tulipofika nyumbani tulimkuta mama yumo edani. Akampokea mjukuu wake, akamwita kwa jina lile alilochagua marehemu, akalia.

Kadari ni ya Mwenyezi Mungu, wala simlaumu mtu. Hata hivyo, cheti kile kilikaa sandukuni miaka minne, na kazi ya kukithibitisha tungeweza kuimaliza kabla hatujapanda ndege. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Ikiwa mali huandikwa, vipi nasaba ya mtoto?

Wako wanaosema nikaha na mashahidi vyatosha. Kwa dini ndoa ni halali, lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, ya Kiislamu ikiwemo. Asiye na cheti na amwendee kadhi. Anayesafiri na akithibitishe cheti chake mapema, akibebe mwenyewe, na alinganishe majina yote herufi kwa herufi.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yetu na wazazi wetu wote, na awarejeshe nyumbani salama walioko ugenini. Amin.