Maembe Kumi na Saba

Mei 2024 nilirudi Uvira kukusanya data ya utafiti wangu wa mwisho wa mwaka. Ziwa lilikuwa limepanda, na baadhi ya nyumba za kando yake zilikuwa ndani ya maji. Shule niliyopangiwa, ya msingi na ya serikali, ndiyo anayosoma mdogo wangu. Jina lake naliacha. Swali langu lilikuwa hili: kwa nini watoto wengi wa darasa la tano wanaanguka hesabu? Jibu nilikuwa nimelibeba tayari kutoka chuoni: Kifaransa.

Direkta alinifungulia rejista. Huhitaji kuwa mtaalamu kuona mahali ambapo kurasa zinanenepa: Septemba 2019, serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya bure. Katiba ya 2006, ibara ya 43, ilikuwa imekwisha kuiahidi, lakini sisi tuliosoma kabla tulilipa primi, pesa ambayo wazazi walitoa ili mwalimu aweze kuishi. Nilifukuzwa kwa ajili yake mara nyingi. Nilikuwa nashuka hadi Kalundu kutazama maboti yakipakuliwa, narudi nyumbani saa za kutoka shule kana kwamba nimesoma. Ndiyo maana siwezi kuicheka elimu ya bure kama wanavyoicheka baadhi ya wenzangu. Mdogo wangu aliingia darasa la kwanza Septemba hiyohiyo, siku moja na binamu yetu wa miaka kumi ambaye hakuwa amewahi kushika kalamu.

Sasa wote wawili wako la tano, katika chumba kilekile nilichosomea mimi. Tulikuwa watatu kwa benchi. Wao ni watano, na wanaokosa nafasi wanakaa chini mbele ya ubao. Mwalimu wao, mama aliyenifundisha mimi pia, anasahihisha madaftari kwa zamu, mistari miwili leo, miwili kesho.

Sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mahali zitumike kufundishia, na katika madarasa ya chini Kiswahili kinasikika. Ukifika la tano, unaandaliwa kwa mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, na huo ni Kifaransa. Nikamwomba mwalimu ruhusa ya kujaribu swali moja. Niliandika ubaoni kwa Kifaransa: Paulo ana maembe 12, ana 5 «de plus que» Maria. Maria ana mangapi? Karibu darasa zima liliandika 17. Sikushangaa. Kwao «plus» ni jina la alama ya kujumlisha, wameliona, wakajumlisha. Moyoni nilikuwa nimekwisha kuandika sura ya tatu ya utafiti.

Nikafuta, nikaandika kwa Kiswahili: Paulo amemzidi Maria kwa maembe matano. Nikarudi nyuma kungoja.

Wengi waliandika 17. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao.

Mwalimu akaniangalia kwa huruma. «Mutoto yangu, ile Kiswahili umeandika ni ya wapi?» Akageukia darasa: «Bana, Paulo iko na maembe kumi na mbili. Anamupita Maria na maembe tano. Maria yeye iko na ngapi?» Mikono ikanyanyuka hata kutoka chini mbele ya ubao. Saba! Saba!

Kwetu kulinganisha ni kupita. Kuzidi watoto wanakujua kwa maji yaliyozidi, bei iliyozidi, yaani kitu kilichoongezeka, kwa hiyo nao wakaongeza. Kitenzi changu cha kitabuni kiliwategea mtego uleule wa «plus». Na mimi nimezaliwa mtaa uleule! Nilipopotezea kupita, sijui.

Nilimuuliza mwalimu kama atawapa alama. Akatikisa kichwa. «Kwenye mtihani, hakuna mutu atabauliza vile.» Kwenye daftari la mdogo wangu alibakiza 17, na kando yake sifuri nyekundu. Mwaka huo binamu yetu alirudia darasa.

Katika jedwali langu kulikuwa na safu ya lugha ya nyumbani. Kwa watoto wote nilikuwa nimeandika neno moja, Kiswahili, pamoja na wale wanaoongea Kifuliiru na bibi zao na wale wa Kavimvira wanaosikia Kirundi kila siku. Nimeifuta safu hiyo. Profesa wangu ananihimiza nikabidhi kazi. Nimemwomba muda nirudi Uvira kumuuliza kila mtoto kwao wanasemaje mtu akiwa na maembe mengi kuliko mwenzake.