Paipu Tupu

Wasee, nianze na stori ya brathe.

Brathe yuko Minnesota, Marekani. Mwaka jana mwezi wa kumi alinipigia video akiwa kazini, nyuma ya nyumba ya mtu. Hapo kuna kidimbwi cha kuogelea, na kazi yake ilikuwa kukifunga kabla baridi ianze. Si hii yetu ya Julai ya kuvaa sweta mbili na kulalamika. Kule maji yanakuwa jiwe.

Nikamuuliza, si mmwage tu maji yote iishe? Akacheka. Ukikausha kidimbwi kabisa, maji yaliyo chini ya ardhi yanaweza kukisukuma kikapasuka. Kwa hivyo wanayapunguza kidogo tu, hadi chini ya matundu ya paipu. Halafu wanapuliza paipu kwa mashine ya hewa mpaka maji yote yatoke, wanaziba matundu, wanamwaga maji ya pampu na chujio, kisha wanafunika na turubai. Maji yakiganda hutanuka karibu asilimia 9. Ndani ya paipu hayana pa kwenda, yanapasua. Na mwenye nyumba hajui mpaka baridi iishe, afungue maji aone uwanja umelowa.

"Bro, shida yote ni yale maji umesahau kwa paipu," akaniambia.

Nilikata simu nikicheka. Hapa Lindi tunapigania foleni ya mtungi wa lita 20, na kuna mtu analipwa kulaza maji!

Wiki chache baadaye nikaacha kucheka. Sistangu wa miaka sita alishikwa na tumbo usiku, kutapika na kuhara bila kupumzika. Kulipokucha mathe alimbeba mgongoni hadi kliniki. Nesi akauliza: maji mnachota wapi? Palepale pa kila siku. Lakini maji yalikuwa yamepotea siku nne, na yaliporudi mimi ndiye niliyekimbia nikawa wa kwanza kwa foleni. Nilijiona mjanja kweli.

Nesi alinieleza polepole, bila kunigombeza. Paipu nyingi za mtaa ni plastiki, na zingine zinapita ndani ya mtaro. Maji yakija kwa nguvu, ufa mdogo unavuja nje. Yakikatwa, paipu inabaki tupu, na ule ufa unaanza kuvuta maji ya mtaro ndani. Maji yakirudi, yanasukuma huo uchafu wote mbele. Wa kwanza kwa foleni ndiye anaubeba nyumbani.

Brathe anaogopa paipu yenye maji. Mimi naogopa isiyo na maji.

Sasa, najua kuna wenye wameanza kutatua hii. SHOFCO waliinua paipu zao juu ya milingoti hapa Kibera, mbali na mtaro, na ukipita unaziona juu ya mabati. Lakini si kila mtu anachota huko. Wengi wetu bado tunategemea paipu ya chini.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Maji yakirudi, mwenye kuuza aache ya kwanza yamwagike kabla afungue foleni, na hasara hiyo isiwe ya mteja. Nilipomwambia hivyo jirani mmoja, akaniuliza, "Kijana, unataka mtu amwage pesa?" Namwelewa. Mtungi unanunuliwa, makaa ya kuchemsha yananunuliwa, na hakuna mtu hapa ana ya kutupa. Lakini sisi tulilipa kliniki, na mathe alikosa siku mbili za kazi. Hiyo pia ni pesa ilimwagika.

Mpaka hilo lifanyike, kwetu mtungi wa kwanza ni wa kupiga deki na choo. Wa kunywa tunauchemsha au tunatia dawa ya maji, na hata ule mtungi wenyewe tunausugua ndani. Maji kuwa masafi kwa macho haimaanishi kitu. Yale ya siku hiyo yalikuwa yanang'aa.

Sistangu alipona. Siku hizi maji yakirudi anasimama mlangoni, mikono kiunoni, ananiuliza: "Hayo ni ya kwanza ama ya pili?"

Kabla ujibu kiu yako leo, jiulize hilo swali.