Hela za Matembezi: Barua kutoka Nakuru

Nakuru, Agosti 2025

Wifi yangu mpendwa,

Baridi ya huku si ya mchezo. Mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na sisi wa Tanga hatukuumbiwa hali hii. Nalala na blanketi mbili.

Uliniuliza kwa simu watu wa huku wanawezaje kuwapeleka watoto kwenye matembezi ya gharama, ilhali kipato chao hakitofautiani sana na chetu. Siku ile sikukujibu, nilitaka kwanza nione kwa macho yangu. Sasa nimeona, na nakuomba uisome barua hii pamoja na wenzako wa kikoba chenu cha akiba.

Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru imepakana na mji wenyewe. Ukitoka katikati ya mji unafika kwenye uzio wake kabla hujachoka kutembea. Ilianza kama hifadhi ya ndege mwaka 1961, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na ndani yake wamo faru weusi na weupe, twiga, nyati na simba. Tulipoingia Agosti hii ya 2025, kiingilio cha mwananchi kilikuwa shilingi 860 za Kenya kwa mtu mzima na 215 kwa mtoto, na yalikuwepo mapendekezo ya kukipandisha. Baba, mama na watoto watatu walilipa shilingi 2,365. Kwa mama muuza viazi hizo si hela ndogo, lakini akijipanga anazipata.

Kinachowashinda watu ni gari. Humo ndani huruhusiwi kutembea kwa miguu wala kuendesha baiskeli, kwa sababu ya wanyama. Asiye na gari lazima akodi, na gari lenyewe nalo linalipiwa kiingilio. Gharama ya kukodi ndiyo inayovimeza viingilio vya familia nzima. Ndiyo maana nimekutana na watu wazima waliozaliwa mitaa ya karibu na uzio, kama Rhonda, ambao hawajawahi kumwona faru hata mmoja.

Mwenyeji wangu alikuwa mmoja wao. Anauza viazi na vitunguu sokoni, viazi vya kutoka Molo. Watoto wake wote wameshaingia hifadhini kwa safari za shule. Shule huku hutangaza safari mapema, mzazi analipa mdogo mdogo, na mwenye watoto watatu mara nyingi huchagua mmoja aende mwaka huu, mwingine asubiri. Mama huyu amelipa hivyo miaka na miaka, akawasikiliza wanawe wakirudi na hadithi za nyani na nyati, yeye mwenyewe akiwa hajavuka lile lango. Aliponieleza hayo alikuwa anamenya viazi, wala hakuwa analalamika. Mimi ndiye niliyeumia.

Kumbe kina mama wa soko lake walikuwa wameshaliona jambo hilo. Wana chama. Kila wiki mchango wao wanaugawa mafungu mawili. La kwanza linazunguka, leo huyu anapokea, wiki ijayo mwenzake. La pili linakaa kwenye akaunti ya Sacco, na haliwezi kutoka bila saini za watu watatu. Hilo la pili ni la matembezi ya Agosti, shule zikifungwa. Ada za shule za Januari zina mchango wake kando, na mwekahazina haruhusu michango hiyo ichanganywe. Anayebeba watoto wengi anachangia zaidi, kwa kuhesabu vichwa. Chakula kinatoka nyumbani: chapati, maharagwe, mayai, chai ya maziwa kwenye themosi. Gari ni matatu ya viti 14, na dereva ni mume wa mwanachama. Wanamkodi siku ya katikati ya wiki, siku ambayo abiria ni wachache na mwenye gari anakubali kupunguza.

Mwaka huu jambo moja lilitaka kuwavuruga. Mwanachama mmoja aliuguliwa na mtoto, akaomba arudishiwe akiba yake ya matembezi ili alipe hospitali. Walimpa siku hiyohiyo. Baadaye likaja swali la watoto wake: wabaki nyumbani wenzao wakienda? Wapo waliosema sheria ni sheria. Mwenyeji wangu akasimama, akasema kiingilio cha mtoto ni shilingi 215, na mtu anayemkatalia mtoto wa mwenzake shilingi 215 asimtazame mwenzake huyo usoni sokoni. Wakachangishana palepale. Mwingine alishauri pengo lijazwe kwa mkopo wa simu. Mwekahazina alikataa kabisa, na mimi nipo upande wake. Furaha ya siku moja isilipiwe kwa riba hadi Krismasi.

Basi tukaenda. Malipo yote yalikuwa yamekwisha kufanywa kwa simu kupitia eCitizen, maana langoni hawapokei fedha taslimu. Ziwa limepanda mno kwa miaka hii kumi na zaidi. Lango kuu la zamani lilizama pamoja na majengo yake, na migunga iliyokufa imesimama ndani ya maji, myeupe. Heroe waliolipatia ziwa hili umaarufu wamepungua, wengi wamehamia Bogoria. Watoto waliuliza tembo wako wapi, dereva akawaambia tembo hawamo kabisa katika hifadhi hii. Walinuna kidogo. Kisha tukawakuta faru weupe, mama na mtoto, wanakula nyasi karibu na barabara, na ndani ya matatu ikawa kimya. Mwenyeji wangu alikuwa kiti cha mbele. Alisema neno moja tu, kwa Kikikuyu, mara mbili.

Wapo wanaotafuta njia nyingine. Wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha, wenye mshahara wa mwezi usiobaki, huenda Hell's Gate, hifadhi ambayo unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli. Wanakodi baiskeli njia panda, wanaingia, wanapita katikati ya pundamilia. Kiingilio chake nacho ni cha chini kuliko cha Nakuru. Wengine huenda Bogoria na mayai mabichi, wakayachemshe kwenye chemchemi za moto. Na tangu mashindano ya magari ya Safari Rally yaliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, yakifanyika Naivasha, wapo wanaokaa kando ya njia za mashindano na sufuria zao.

Desemba ndiyo kazi kubwa, kwa sababu kila mtoto wa huku anataka kuiona bahari. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kwenye treni ya Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500, mtoto wa miaka 3 hadi 11 nusu yake. Familia niliyoitaja juu, kwenda na kurudi, ni shilingi 10,500 za treni peke yake. Ongeza matatu ya kutoka Nakuru hadi Nairobi, kama kilomita 160, na mahali pa kulala. Wanaofanikiwa ni wale wenye shangazi au binamu Mombasa wa kuwalaza sebuleni. Wasio na ndugu wanaahirisha. Nilipowaambia mimi nimezaliwa mita chache kutoka baharini, watoto walinitazama kama nawadanganya.

Hata ng'ambo watu hujibana: mwenyeji wangu ana kaka yake Marekani. Yeye aliwapeleka wanawe kwenye viwanja vya Disney vya Florida, na huko tikiti ya siku moja ya Magic Kingdom imevuka dola 100 tangu mwaka 2015, kwa kila kichwa, kabla ya chakula na hoteli. Alimweleza dada yake kwamba alifanya kazi za usiku za ziada muda mrefu ili afike. Tofauti niliyoiona ni kwamba kule alijibana peke yake, na huku wamejibana wengi.

Najua watakaosema hizi ni hela za kuchezea wakati paa linavuja. Hata huku nimewasikia, wengi wao wanaume wanaokunywa kila Jumamosi bila kuulizwa. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto anayeishi jirani na faru bila kumwona anaamini mali ya nchi yake ni ya wageni, na mama anayelipia wengine maisha yake yote ana haki ya kukaa kiti cha mbele siku moja.

Sasa wifi, nakuomba jambo. Sisi tuna mapango ya Amboni karibu kabisa na mji, tuna msitu wa Amani juu Muheza, tuna Saadani ng'ambo ya Pangani, ambako wanyama hushuka hadi ufukweni. Kikwazo chetu ni kilekile, gari, na dawa yake ni ileile. Zungumza na kina mama wa kikoba mwezi huu huu. Fungeni fungu la matembezi kando na la ada, lipewe saini tatu, na mama yetu mkubwa wa Chumbageni awekwe kwenye orodha hata kama hana cha kuchangia. Nikirudi nitaleta mchango wangu na wa watoto wangu. Niandikie mlichoamua.

Wasalaam,
Wifi yako